Ndege ya Injini Mbili Tuliyoipeleka Bukoba

Kemilembe mwanangu,

Nakuandikia nikiwa chumba cha mbele, na wewe uko uani na mama yako mnapanga begi. Nawasikia. Anakuambia kanga mbili ziwe juu kabisa ili usizitafute ukifika, nawe unamjibu "Ndiyo, Mama" kila anapovuta pumzi, kwa sauti ya mtu ambaye tayari ameshaondoka. Jua bado halijazama. Nataka nimalize kabla hamjaniita kula, maana baada ya hapo sitakuwa na ujasiri wa kuendelea.

Mambo ya pasi ya kusafiria, mkataba, nakala za karatasi na nani wa kumpigia simu ukitua huko Uarabuni, mama yako na shangazi yako wameshakueleza mpaka umechoka. Sina la kuongeza. Wala sitakuambia usiende. Nilikuambia mara mbili mwezi uliopita, na mara zote mbili ukaniuliza swali lilelile: "Nikibaki nitafanya nini, Baba?" Nikatazama kibanja, shamba letu hili la migomba na kahawa. Sehemu yote ya chini tuling'oa migomba kwa sababu ya mnyauko, tukapanda mingine, mnyauko ukarudi. Kahawa imezeeka kama mimi. Wewe ukaendelea kupeta maharage. Basi utakwenda kupika na kufua kwenye nyumba ya watu usiowajua kwa miaka miwili, na hakuna anayejua kama mimi kwa nini imefikia hapo. Wewe unajua nusu. Nusu nyingine nimekuficha miaka saba.

Inahusu ile ndege.

Usiikunje barua sasa. Najua hupendi kusikia habari zake. Hata mdogo wako alipookota lile gurudumu la mfano wako wa ndege nyuma ya choo, ulimnyang'anya ukalitupa kwenye migomba. Lakini nitaanza mbali kidogo, pale ambapo bado ilikuwa jambo zuri.

Ulikuwa kidato cha pili. Tulikuwa tunachuma kahawa, mimi na wewe, asubuhi ya Jumamosi isiyo na wingu. Ndege ikapita juu sana, ile inayokwenda kusini, ikaacha mistari minne myeupe. Ukasimama na kikapu kiunoni.

"Baba, mbona ya jana ilichora miwili na hii inachora minne?"

"Ya jana ina injini mbili. Hii ina nne."

"Kwa nini na hii isipewe mbili?"

"Kwa sababu ni kubwa."

"Basi ipewe mbili kubwa."

Nilikuwa nimefundisha fizikia miaka kumi na minane. Nilikuambia uchume kahawa. Ningeweza kusema sijui, na ingekuwa kweli. Nilikuwa sijui kabisa. Neno hilo sikulizoea. Mwalimu wa fizikia ambaye wenzake wawili wa darasa moja walikuwa wakuu wa shule, na yeye bado anafuta ubao kwa kiwiko, hana nafasi ya kusema sijui mbele ya mtoto wake. Ndivyo nilivyojiona wakati ule. Naandika hivi ili ujue tu nilikuwa mtu wa namna gani kabla ya Bukoba, kwa sababu nimejaribu sana kujidanganya kwamba Bukoba ilinijia ghafla.

Ukaenda kutafuta mwenyewe. Ulikaa kwenye ile kompyuta moja ya maabara kila umeme ulipokuwepo, ukarudi na daftari limejaa. Ulinifundisha mimi, Kemi. Ulinieleza kwamba zamani injini zilikuwa dhaifu, ndiyo maana ndege kubwa ilihitaji nne. Ukanieleza kwamba ndege ya injini mbili haikuruhusiwa kwenda mbali na viwanja ilipokuwa inavuka bahari, kwa sababu moja ikifa unabaki na moja, na watu hawakuziamini. Baadaye injini zikawa na nguvu na zikaacha kufa ovyo, ruhusa ikatolewa. "Kwa hiyo swali langu si la kijinga," ukasema. Sikuwahi kusema ni la kijinga, lakini ulikuwa umeshaelewa nilivyokujibu siku ile shambani.

Siku ile ya jikoni unaikumbuka? Najua unaikumbuka. Ulichukua ubao mwembamba na mrefu, ukaufunga katikati kwenye jiwe la kusagia ili usinyanyuke. Ncha zake mbili ukazifunga kamba, kamba ukazipitisha juu ya boriti, na upande wa pili wa kila kamba ukaning'iniza ndoo. Maji ndani ya ndoo ndiyo hewa inayosukuma mabawa juu. Chini ya ubao ukafunga mawe manne, mawili kila upande, ndani ya nyavu ulizosuka kwa kamba za migomba. Hizo ndizo injini. Mama yako alikuwa anapika ndizi pembeni.

"Kemi," akasema, "hiyo ndege yako ikiangukia chungu changu mtalala njaa wote."

"Haianguki, Mama. Tazama. Injini zinalivuta bawa chini, hewa inalivuta juu. Zile za nje ndizo zinazolizuia bawa lisijikunje pale linaposhikana na mwili."

"Na ukizitoa?"

Ukazitoa. Mawe ya nje ukayafungua, ukayaongeza kwenye yale ya ndani, uzito ukabaki uleule. Maji kwenye ndoo hukuyagusa. Ubao ukaanza kupanda ncha zote mbili kama mtu anayenyoosha mikono, ukalia, ukavunjika karibu kabisa na jiwe la kusagia, na ndoo moja ikamwagikia kwenye moto. Mama yako alicheka mpaka akakaa chini. Na mimi nilicheka. Wewe hukucheka. Ulikuwa umepiga magoti kwenye majivu yenye maji, unapima umbali kutoka kwenye jiwe hadi kwenye ufa, na daftari ukaliweka juu ya mfuniko wa chungu likapata mvuke.

Nimeona vijana wengi wakisoma, Kemi. Yale niliyoyaona jikoni siku ile sikuyaona kabla wala sijayaona tena.

Kufikia kidato cha tatu ulikuwa na jibu lako. Ulisema ukitaka kuchukua ndege kubwa ya injini nne uipe mbili, itabidi uimarishe bawa lote kwa sababu ya kile kilichotokea jikoni. Ulisema injini ikifa moja kati ya nne umebakiwa na tatu, lakini ikifa moja kati ya mbili ile iliyobaki lazima iweze kuipandisha ndege nzima peke yake, na kwa sababu inasukuma upande mmoja tu, pua itageuka, hivyo mkia lazima ukuzwe ili kuirudisha. Ulisema injini kubwa kiasi hicho itakwaruza ardhi, kwa hiyo ndege irefushwe miguu, na miguu mirefu haina mahali pa kujikunjia tumboni. Ukaandika mwishoni, nayakumbuka maneno yote: "Inawezekana, lakini ukimaliza kuibadilisha utakuwa umejenga ndege nyingine. Afadhali uanze na mpya."

Mwaka jana nilisoma kwenye simu kwamba wenye viwanda wameacha kutengeneza zile kubwa za injini nne. Hawakuzipunguzia injini. Walijenga mpya za mbili tangu mwanzo. Nilikaa na ile simu mkononi mpaka mama yako akaniuliza kama kuna msiba. Ulikuwa na miaka kumi na saba ulipoandika hivyo, ukiwa Ihanda hapa, ukitumia ubao na mawe. Mtu mwingine angeyachukua maneno yako akayafanya mafundisho ya maisha, kuanza upya na kadhalika. Sitafanya hivyo. Uliandika kuhusu ndege, ukapatia.

Sasa tuje kwenye mashindano ya sayansi ya wanafunzi kule Bukoba.

Mkuu wa shule wa wakati ule alisoma kazi yako, akafika ukurasa wa mwisho, akanitazama. "Mwalimu, mbona kazi nzuri hivi inaishia na hapana?" Hakuniamuru kitu. Nimejaribu miaka mingi kukumbuka kama aliniamuru, ili nimgawie sehemu ya lawama. Hakuniamuru. Aliuliza tu, akanirudishia karatasi, na mimi nikazibeba nikaja nazo nyumbani nikiwa nimeshaamua.

Nilikukuta unageuza kahawa kwenye mkeka.

"Majaji wanataka kuona kitu kimewezekana," nikasema.

"Lakini Baba, si kweli."

"Umeandika mwenyewe kwamba inawezekana."

"Nimeandika inawezekana lakini haifai."

"Toa hilo 'lakini'."

Ulikuwa bado mtoto aliyeamini kwamba nikisema jambo lazima kuna sababu ambayo hujaiona. Ukasema, "Sawa, Baba." Hitimisho jipya nililiandika mimi kwa mwandiko wangu, na wewe ukalinakili. Tukamtafuta fundi seremala akachonga mfano, tukaupaka rangi nyeupe, na injini mbili tukazitengeneza kwa makopo ya nyanya. Mfano ulikuwa mzuri kuutazama. Ulikuwa uongo mtupu, mkia mdogo uleule, miguu mifupi ileile. Kitu kimoja tu ulikataa kukitoa, ule mchoro wa ukurasa wa sita, ubao na mawe yake manne na vipimo vyote. Nikakuambia hauendani na hitimisho. "Huu nauacha," ukasema. Hiyo ndiyo mara pekee uliyonikatalia.

Bukoba unaijua. Nitapita haraka penye kuuma kwako, kisha nikae pale penye kuuma kwangu.

Yule jaji, mama mwenye mvi, mhandisi aliyefanya kazi na ndege maisha yake yote, aliuzunguka mfano wako mara mbili bila kuugusa. Kisha akakuuliza kwa upole, "Binti, ndege yako inapaa. Injini ya kulia imekufa. Nini kitaizuia isigeuke?"

Ulikuwa na jibu. Lilikuwa mdomoni, niliona kidevu chako kikinyanyuka. Lakini ukilitoa lile jibu, swali linalofuata ni moja tu, mbona basi mkia huu ni mdogo, na baada ya hapo hitimisho langu lote linaanguka mbele ya ukumbi mzima. Ulinigeukia. Nilitikisa kichwa. Nilifikiri nimekitikisa kidogo tu, kwamba ni mimi na wewe tuliojua.

"Sijui," ukasema.

Hayo uliyaona. Haya yanayofuata hukuyaona.

Majaji walipotoka kwenda kujadiliana, nilitoka nami kutafuta maji. Yule mama alinifuata kwenye ujia, karibu na mlango wa ofisi. Alikuwa ameshika kazi yako, ameifungua ukurasa wa sita.

"Wewe ndiye mwalimu wake?"

"Ndiyo, ni mimi. Na ni baba yake."

"Ule mfano pale ndani ni kitu cha kuchezea," akasema. "Hitimisho halina maana. Lakini huu," akagonga mchoro kwa kidole, "huu umechorwa na mtu anayefikiri. Nimefanya kazi na wahandisi wenye shahada ambao hawajawahi kuona jambo hili mpaka waonyeshwe. Niambie ukweli, Mwalimu. Mchoro huu ni wa nani?"

Kemilembe, nikasema, "Ni wangu."

Nimeyaandika.

Nimekuwa nikijiuliza kwa nini kwa miaka saba, na nimejipa majibu mengi yenye kunifariji. Kwamba niliogopa angeuliza zaidi akagundua hitimisho ni langu. Kwamba nilichanganyikiwa. Kuna ukweli kidogo humo. Lakini mimi nilikuwepo ndani ya kichwa changu, najua kilichotangulia. Yule mama aliposema "mtu anayefikiri", akiwa ananitazama mimi usoni, nilitaka awe anasema habari zangu. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo. Jibu lilitoka kabla sijalichagua, na lilipotoka lilikuwa tamu. Kwa muda wa kumeza mate mara moja, lilikuwa tamu sana.

Akafunga kazi yako. "Pole," akasema. "Nilidhani ni ya binti. Nilikuwa nimeshaanza kumfikiria, kuna shule ningempeleka mimi mwenyewe." Akageuka.

Kutoka pale niliposimama hadi mlango wa ofisi zilikuwa hatua chache, naye alikuwa mtu mzima, anatembea polepole. Ningeweza kumwita. Ningesema, mama, samahani, nimesema uongo. Nilimtazama akifika mlangoni, akaufungua, akasimama kumpisha mtu aliyekuwa anatoka, akaingia. Muda wote huo nilikuwa nimeshika kikombe cha maji. Kisha nikayanywa.

Kwa hiyo waliposoma jina lako mwisho kabisa, mbele ya shule zote, na kusema umeondolewa kwa sababu kazi si ya mwanafunzi, hawakubahatisha, wala hawakukuonea kama mama yako alivyoamini mpaka leo mchana. Walilipata neno hilo kwangu. Wewe ulikuwa umekaa pembeni yangu, mikono umeiweka mapajani. Ukasubiri nisimame. Najua ulisubiri, kwa sababu hukugeuka kunitazama. Ulikuwa unatazama mbele kama mtu anayemwachia mwenzake nafasi ya kupita.

Tukiwa njiani kurudi, gari liliposimama Kyaka watu wakashuka kununua vitu, tukabaki wawili ndani.

"Baba, kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini?"

"Kwamba nimeifanya mimi."

Nikakuambia kwamba majaji wakishaamua hawabishiwi. Ukaitika kwa kichwa. Uliniamini, nadhani. Hilo ndilo linalonirudia mara nyingi kuliko yote, kwamba pale Kyaka bado uliniamini.

Ulipoacha kuniamini najua siku yenyewe. Ulileta madaftari ofisini kwa walimu, na mimi nilikuwa naulizwa habari za Bukoba. Nilikuwa nimesema, "Mtoto aliingiwa na woga, akashindwa kueleza kazi yake." Walikuwa wanasikitika kwa ustaarabu. Nikainua macho, umesimama mlangoni na madaftari kifuani. Uliyaweka mezani kwangu, ukayapanga kingo zikalingana. "Shikamooni," ukawaambia wote, ukatoka. Hujawahi kuniuliza tena swali la fizikia tangu siku hiyo. Mtihani wa kidato cha nne ulipofika ulimwambia mama yako kwamba kwenye karatasi ya fizikia uliandika namba yako, ukakaa ukitazama dirishani mpaka muda ukaisha. Na daftari lako ulilitumia kuwashia moto, kurasa mbili mbili, kila asubuhi, mpaka likaisha. Nilikuwa nakuona. Nilikuwa nakunywa chai iliyochemshwa kwa daftari lile.

Baada ya hapo ikawa cherehani, ikawa kile kibanda cha kusajili laini za simu, ikawa kuchuma kahawa za watu kule Kamuli. Kila kazi uliifanya vizuri na kila moja ilikwisha kwa sababu isiyokuhusu. Sasa hii.

Hujui kwamba nilijaribu kurekebisha. Sikuambii ili unihurumie, maana nilijaribu nikiwa nimechelewa na nilijaribu kwa uoga. Nilipostaafu nilikwenda Bukoba, nikamwambia mama yako nafuatilia mafao. Nikaiulizia ile ofisi iliyosimamia mashindano. Imehamishwa. Kijana niliyemkuta alinisikiliza kwa adabu, akasema, "Mzee, mafaili ya miaka hiyo hayapo hapa, na hata yangekuwepo huyo binti umri umeshampita." Nikaulizia yule mama mhandisi. Akapiga simu mahali, akarudi akaniambia alishafariki. Nikamshukuru. Nilikaa kwenye ngazi za ofisi ile nikiwa na barua ya kuungama kwenye bahasha, na hapakuwa na mtu hata mmoja duniani wa kumkabidhi isipokuwa wewe. Nikaichana. Nilikuogopa wewe kuliko ofisi.

Leo asubuhi, ulipokwenda kuaga kwa shangazi yako, nilikwenda shuleni. Nilitaka walau walimu waliobaki wajue. Wamebaki wawili wa wakati ule. Niliwaeleza nikiwa nimesimama. Mmoja akasema, "Mwalimu, hayo yameshapita, nani anakumbuka?" Mwingine hakukumbuka hata kwamba tuliwahi kupeleka mtu Bukoba. Waliniletea kiti na akamwani, kahawa ya kutafuna, wakaniuliza habari za afya yangu. Nilikuwa nimejiandaa kwa aibu, Kemi, na hata aibu hawakunipa. Neno nililolisema liliondoa maisha yako mahali pake, na limebaki kwa watu wawili tu, mimi na wewe, na wewe hukuwa unalijua.

Mchana nikamwambia mama yako. Alikuwa anamenya ndizi. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kumenya.

"Ulisema ni wako," akasema.

"Nilisema."

"Waitu. Mimi nilimwambia mwanangu miaka yote hii kwamba Mungu anawajua waliomwonea." Akaweka kisu chini. "Na mlikuwa mnakula sahani moja."

Uliporudi kutoka kwa shangazi yako ulimkuta anaosha macho kwenye karai, akakuambia ni moshi. Haukuwa moshi. Nimemwomba asikuambie, si kwa kujificha tena, ila nilitaka ulisikie kutoka kwangu. Amekubali. Hajasema nami neno jingine, na sauti unayoisikia huko uani anaitoa kwa ajili yako.

Sina ushauri, mwanangu. Nilifikiri nikifika hapa nitakuwa nao. Ningeweza kukuambia usimwachie mtu yeyote akuandikie mwisho wa kazi yako, lakini unakwenda mahali ambapo hata saa ya kulala utapangiwa, na sijui maneno hayo yatakusaidia nini. Ningeweza kukuambia una miaka ishirini na minne na bado mapema. Nimewaambia hivyo wanafunzi wengi. Kwako siwezi, kwa sababu najua mlango uliofunguliwa siku ile ulikuwa mmoja, na nimekuwa nikiangalia tangu hapo kama kuna mwingine, sijauona. Ninachoweza kukupa ni hiki tu, kwamba hukushindwa. Hukuingiwa na woga. Hukuonewa na watu wa Bukoba, wala akili yako haikuwa ndogo kama nadhani umekuja kuamini. Ulikuwa sahihi kuhusu bawa, kuhusu mkia, kuhusu miguu, na kuhusu jibu lote. Aliyekuwa karibu yako kuliko wote ndiye aliyekuchukulia kilicho chako. Pengine ni afadhali usijue. Nimelipima hilo wiki nzima. Lakini nimeona siwezi kukuacha uvuke nchi ukijidharau kwa ajili yangu.

Sikuombi msamaha. Ukinipa, nitajua umenipa kwa sababu uko mbali na unanionea huruma. Ukininyima, ni haki yako. Usijibu barua hii ili kunituliza. Ukipiga simu kwa mama yako na usiniulizie, nitaelewa, na sitamsumbua akutajie jina langu kwenye simu.

Mama yako anaita. Chakula tayari.

Kesho saa kumi na mbili asubuhi nitakusindikiza hadi stendi. Nitabeba begi, nitalipandisha juu, nitahakikisha umepata kiti. Barua hii nitakupa kupitia dirishani ukishakaa, watu wakiwa wengi, ili usiweze kushuka kwa heshima tu kwa kuwa mimi ni mzazi wako. Kisha nitaondoka kabla dereva hajawasha gari, usilazimike kunipungia mkono.

Baba yako.